Ombi la Kuifukuza Boti Uani kwa Mzee Heche

Kutoka kwa Elieth, mama Nchagwa,
Nyumba ya bati jipya, nyuma ya migomba.

Kwenda kwa Mzee Heche Marwa,
Nyumba kubwa, hapo hapo uani,
Genkuru.

Baba mkwe, Tata yangu,

YAH: BOTI IONDOLEWE

Shikamoo. Nakuamkia kwa karatasi kama ninavyokuamkiaga kila asubuhi nikiwa nyuma ya ghala, ila leo huwezi kujifanya hujasikia.

Najua kutoka nyumba yangu mpaka yako hata kifaranga anafika bila kuchoka. Lakini mila yetu unaijua kuliko mimi: mke wa mwanao hasimami mbele yako akakutolea maneno usoni, wala hasogelei mahali ulipokaa. Nilimuuliza Mama, mkeo, kama kuandika nako ni vibaya. Akafikiri sana, akasema wazee waliopanga mila hawakuwa na kalamu, kwa hiyo hilo hawakulikataza. Basi nimeandika kwa elimu yangu ya darasa la saba, na Mama ndiye atakayekusomea. Namwomba asiruke mahali na asicheke.

Tata, ninailalamikia boti ya mume wangu Werema, mwanao. Tangu ashuke nayo kutoka Musoma juu ya lori la mkaa, sijapumzika. Sina nia ya kumsema mtu. Naisema boti peke yake, na makosa yake ni haya:

1. Ilitudanganya. Kwa nje ni faiba tupu, ngumu kama plastiki, nyeupe, inang'aa kama bibi harusi, na majirani walikuja kuipapasa. Kumbe ndani ya faiba kuna mbao, na mbao zimeoza. Mwenye nayo wa zamani hakuziba matundu ya skrubu, maji yakaingia humo kidogo kidogo miaka yote, yakakaa kimya. Werema alipoukata kwa grenda ule ukuta wa nyuma unaofungiwa injini, hakikutoka kipande cha mbao. Ulitoka uji mweusi. Aliuchota kwa mwiko. Mwiko ulikuwa wangu.

2. Imemharibu mume wangu. Fundi Saadi wa Tarime alimfundisha kwamba ukigonga mbao kwa nyundo ikajibu "ko", ni nzima. Ikijibu "pu", imeoza. Tangu hapo hakuna kilichobaki bila kugongwa. Kagonga kitanda. Kagonga mlango. Kagonga kiti cha mchungaji, na mchungaji akiwa amekikalia anatuombea. Aligonga nguzo ya ghala lako ikasema pu, ukawaambia watu kwamba kijana huyu anakutakia kifo. Hakukutakia, Tata. Hata mimi kanigonga begani nasonga ugali. Nilimjibu ko.

3. Imekula sufuria yangu ya maziwa. Werema alikorogea humo gundi ya faiba, na hiyo ukishaitia dawa yake ya kuigandisha inachemka yenyewe bila moto, halafu inakuwa jiwe. Sasa ule mwiko wa kosa la kwanza umesimama katikati ya sufuria, hautoki. Nimeweka dirishani kama pambo.

4. Imechanganya mila. Siku ilipoletwa ulisema Mkurya na maji mengi wanakutana wakati wa kunywesha ng'ombe tu, basi, na kwamba hutaki hata kuiona. Lakini Werema alipoifunika turubai, kivuli chake kikawa kizuri kuliko vyote hapa nyumbani, na wewe sasa unashinda humo ndani na kigoda chako na redio yako. Sikulaumu, kuna ubaridi. Shida ni kwamba ukiwa humo mimi siwezi kusogea, na Werema humo humo ndimo anamotunza kila alichoazima jikoni kwangu. Juzi chumvi ilikuwa ndani ya boti. Nilizunguka kwa mbali nikikohoa ili ujue nina shida, nikakohoa mpaka jirani akaniletea dawa ya kifua. Wewe uliongeza sauti ya redio. Tukala mboga bila chumvi, na jioni ile ukasema mke wa Werema hajui kupika.

5. Hili ndilo zito, naomba Mama alisome polepole.

Werema alikata mbao mpya vizuri kwa kufuata kipimo alichokichora kwenye boksi. Akazianika mpaka zikakauka kabisa, maana ukizifungia na unyevu, kuoza kunaanza upya. Ilikuwa apake gundi asubuhi. Asubuhi tukakuta mbao zinang'aa. Zimepakwa samli, Tata! Kila upande, mpaka pembeni, kwa upendo kabisa, kama mtu anavyopaka kigoda kipya kisipasuke. Gundi iliteleza. Kitambaa cha faiba kikabanduka chote kama utando wa juu ya maziwa.

Sijui aliyepaka ni nani. Nasema tu kwamba samli ilikuwa ya yule ng'ombe wako mweusi, harufu yake naijua, na alama za vidole ni za mtu mpana, na mahali pamoja palidondoka ugoro. Pengine ni mwizi. Mwizi mwenye huruma, anayeingia uani kwa watu kuongeza badala ya kupunguza. Werema alikaa chini akashika kichwa. Nilipomwambia aje akueleze, akasema ni afadhali boti ioze yote kuliko yeye kumwambia baba yake kwamba wema umeharibu kazi. Ndiyo maana kazi imesimama. Siyo uvivu, kama inavyosemwa pale kwa mwenyekiti.

Sasa nimesikia umetangaza kwamba mahindi yakishavunwa na boti bado ipo, utaipasua iwe hori la kunyweshea ndama. Tata, kwa heshima zote ninapinga. Boti yenye makosa yote haya uitunuku? Ikae na ng'ombe wako? Mimi niliyekuzalia mjukuu sijafikia cheo hicho. Tena vumbi la faiba linawasha, nalifua kwenye mashati ya Werema, nalijua. Ndama watakohoa kunishinda mimi.

Naomba adhabu kali zaidi. Ifukuzwe. Ipelekwe ziwani kule Sota, itupwe majini. Lakini isitupwe mbovu, maana itazama mara moja na haitateseka. Kwanza itengenezwe kabisa: mbao nyingine ambazo hazijaonja mafuta, gundi, kitambaa tabaka juu ya tabaka, matundu yote ya skrubu yazibwe, ili iteseke miaka mingi. Werema aliyeileta afukuzwe nayo, abebeshwe abiria na dagaa kutwa nzima mpaka apate akili. Na mimi niliyeshindwa kumzuia mume nifukuzwe pia, pamoja na Nchagwa, ambaye ni mdogo lakini ameonekana akicheka ndani ya boti. Tuwekwe kwenye chumba karibu na maji, tukome. Ng'ombe wako wa jembe ndio waivute mpaka barabarani kwenye lori, ili aibu yetu ionekane na kijiji kizima.

Unajua vibarua vya huku ni vya leo upo kesho haupo. Mimi ziwa sijawahi kuliona. Nikimbembeleza mtoto namwambia lina mawimbi, na sijui wimbi linafananaje. Tuadhibu, Tata.

Ukikubali, usihangaike kujibu. Kohoa tu mara moja ukipita nyuma ya ghala, nitaelewa, maana kwa kukohoa mimi sasa ni mtaalamu.

Nisalimie Mama aliyeshika karatasi hii, na namwambia nimemsikia akicheka. Msalimie mjomba Thadeo akija kutoka Sirari, na yule ng'ombe mweusi. Na ukikutana na mwizi wa samli, mwambie hatumchukii hata kidogo.

Ni mimi mkweo mtiifu, ninayeongea nawe kutoka nyuma ya migomba,

Elieth

N.B. Nimekumbuka kitu. Werema anasema siku ya kwanza majini lazima mbele akae mtu mzito na mtulivu, bila hivyo boti itainua pua juu. Nimeangalia nyumba zetu zote, na mtu mzito na mtulivu ni wewe peke yako. Kwa hiyo na wewe umefukuzwa. Lile la mila, namba nne, nalifuta. Ulipokwenda mnadani nilipanda humo nikapima: wewe benchi la mbele, mimi na Nchagwa katikati, Werema nyuma na injini. Wote tunatazama mbele. Wewe hunioni kabisa, mimi naona kofia yako tu. Nadhani aliyeunda boti hii alikuwa Mkurya.

Uje na kigoda na redio. Samli iache nyumbani.