Kigogo cha Gurudumu la Nyuma

Wenzangu wa Ngerengere, leo uso wangu nimeuacha kwenye migomba ya watu. Naandika upesi kabla hamjasikia kwa abiria wa treni, maana wao wataongeza chumvi. (Haihitajiki. Ipo ya kutosha.)

Mnajua najifunza kuendesha motakaa ya Mzungu mwenye shamba la pamba. Mwalimu wangu ni Fundi Saleh, mtu wa Bagamoyo. Mnamjua pia Zuhura, niliyemposa. Mjomba wake, Mzee Mloka, alishasema: "Simtoi mpwa wangu kwa mtu nisiyemwona kazini." Leo ndiyo siku aliyopanga kushuka kutoka Kinole kuja kuniona. Usiku kucha sikulala vizuri, nampenda yule binti.

Asubuhi ukungu wa Uluguru ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la banda. Motakaa ilisimama kwenye mteremko, pua ikitazama mlimani, kigogo kimekazwa nyuma ya gurudumu.

"Anza ukaguzi," akasema Fundi.

"Maji," akaita. Nikamimina, yakaimba ndani kwa ndani, nami nikamwona Zuhura ameketi kando yangu, ushungi wake unapepea, watu wote wa njiani wanatupungia.

"Nimesema mafuta! Umelala?"

Mafuta nikayapima. Matairi nikayabonyeza. Taa nikazifuta. Tukafika kwenye breki.

"Breki ya mkono ya gari hili ni kama ahadi ya mlevi," akasema Fundi. "Kigogo hakitoki mpaka dereva ameketi kwenye usukani. Umesikia?"

Nilisikia. Akaingia bandani kutafuta mpini wa kuwashia injini.

Hapo hapo ukungu ukafunguka, akatokea Mzee Mloka na fimbo yake, ametembea tangu alfajiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Akasimama. Nanyi mnajua, mzee wa kwetu haulizwi habari akiwa wima. Kwanza kiti. Nikatazama huku na huku, nyasi zote zimelowa umande. Kitu kikavu kilikuwa kimoja tu, kimekingwa na gari, kimo chake kinafaa kabisa kwa mtu mzima. (Nikajisifu moyoni: kijana una macho wewe.) Kiligoma kidogo. Nikakipiga teke kikatoka, nikakifuta kwa mkono wa kanzu.

"Karibu uketi, mzee."

Akaketi. Tukaulizana mvua, ndizi, mbuzi, wagonjwa. Nyuma yangu nikasikia kokoto zikilia taratibu. Mlio mtamu. Nikadhani ni furaha yangu.

Mzee akatazama juu ya bega langu. "Kijana, chombo chako huwa kinaondoka chenyewe?"

Nikageuka. Motakaa ilikuwa inashuka kinyumenyume, pole pole, bila kelele, kama mtu anayeaga wakubwa. Ukungu unaipisha. Ilipendeza mno, nikasimama kuitazama. (Ndiyo. Nilisimama kuitazama.)

Fundi akatoka na mpini mkononi. "Kigogo kiko wapi?"

Mzee akainama kuangalia alichokikalia.

Ndipo nikakimbia. Nikaishika taa, taa ikabaki mkononi mwangu, gari likaendelea na safari. Lilisimama katikati ya migomba, mkungu mzima umelala kwenye kiti cha dereva.

Hakuna aliyeumia. Fundi akaninyang'anya ile taa na kusema kwa sauti ya chini, "Kesho njoo na jembe. Udereva basi."

Nikajua na Zuhura basi. Machozi yakanilenga, siwafichi. Mzee Mloka alikuwa bado ameketi, kidevu juu ya fimbo.

"Nilikuja kuona kazi yake," akamwambia Fundi. "Kazi sijaiona. Lakini huyu kijana amepoteza gari la Mzungu ili mimi nisikae kwenye umande. Mke atapewa." Akanyanyuka. "Ila mpwa wangu harusini atakwenda kwa miguu."

Basi msinicheke. Ndoa ni baada ya mavuno, njooni nyote, na kila mtu aje na kiti chake.