Antena Ndefu kwenye Gari la Muzee Zakaria

Wandugu, leo yamenikuta. Yamenikuta mchana kweupe, mbele ya wanajeshi, mbele ya foleni nzima ya pikipiki, na mbele ya mama mkwe (ambaye bado hajawa mama mkwe, na saa saba mchana nilidhani hatakuwa kamwe). Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa mtaa wetu, Saio. Wao wataongeza chumvi, na hii tayari ina chumvi ya kutosha.

Mnanijua. Dieudo, fundi redio. Sijisifu, lakini hakuna redio iliyoingia kibandani kwangu ikatoka bubu. (Moja ilitoka ikifuka moshi, lakini ilikuwa inasema.)

Mnajua pia habari ya Furaha. Miaka miwili tunapendana, na baba yake, Muzee Zakaria, hajakubali wala hajakataa. Kila nikimtuma mjomba wangu akaulize siku ya kuleta ujumbe wa familia yetu na ng'ombe wa mahari, Muzee anamkaribisha vizuri, anampa chai ya maziwa, anamuuliza habari za mvua, kisha anamsindikiza mpaka barabarani. Mjomba amekunywa chai mpaka amenenepa. Jibu hakuna.

Sasa, Muzee ana gari. Ni gari la Kifaransa la zamani, rangi ya maziwa, taa za mviringo, usukani mwembamba. Wakati wa vita alilificha kwenye zizi la ng'ombe akalifunika majani, na likapona. Redio yake haikupona. Waliopita waliichomoa wakaacha gari, na katikati ya dashibodi pakabaki tundu. Tangu utulivu urudi (huu utulivu wetu wa kulala viatu vikiwa karibu na mlango), Muzee amerudishia vioo, viti na matairi. Tundu lile tu ndilo lilibaki. Mama Rebeka, mke wake, alilifunika kwa kitambaa cha maua.

Wiki iliyopita Muzee alikuja kibandani kwangu mwenyewe. Akakaa, akaziangalia redio zangu moja moja, akasema:

"Dieudo, unirudishie redio mu gari. Siku redio itasema, na miye nitasema."

Mnaelewa alichomaanisha. Kabla hajafika barabarani nilikuwa nimeshafunga kibanda.

Nilizunguka mtaa wa Shari siku mbili hadi nikapata redio ya umri wa gari lile, yenye vifungo viwili na sindano inayotembea nyuma ya kioo. Kifungo cha kuwasha na kuongeza sauti kilikuwa kimekufa. Haikunisumbua. Niliunganisha nyaya moja kwa moja, redio ikawa inasema kwa sauti kubwa wakati wote. Masikio ya Muzee ni mazito kidogo, nikaona nimemsaidia. Waya wa kutoka kwenye ufunguo nao ulikuwa umeoza, kwa hiyo nikachukua umeme kwenye betri yenyewe. Sasa redio ingesema hata gari likizimwa. Nikaona huo ndio ufundi.

Ikabaki antena. Antena ya gari la namna ile ni fupi, urefu wa mkono, nyembamba. Inatosha. Nilijua inatosha. Lakini kwa muuza vyuma chakavu niliona nyingine, mita mbili na nusu, yenye springi nene chini, iliyotoka kwenye gari jeupe la watu wa misaada lililokufa. Hapa Bunia kila mtu anaijua: ni antena ya fonii, ile redio ya kuongea na watu walioko mbali. Nilijiambia, ile fupi itashika Bunia, hii itashika dunia. Nikaifunga kwenye ubavu wa mbele. Ilisimama juu ya gari la Muzee kama mnara wa kanisa, na mimi nikasimama pembeni mikono kiunoni.

Safari ilikuwa leo. Tulipaswa kwenda Nyankunde kwa Shangazi Marta, dada mkubwa wa Muzee. Kwao binti haolewi bila neno la shangazi, hata baba akubali mara kumi. Muzee alisema tutakwenda wote watatu, yeye, Mama Rebeka na mimi, redio ikisema njia nzima, na tukifika atanitambulisha.

Hapo ndipo nilipoona niongeze kitu kidogo. Jana nilikwenda kwenye redio moja ya hapa mjini nikaacha tangazo. Mnajua saa sita na nusu mji mzima unakula huku unasikiliza nani amefariki, nani ameokota kadi, mbuzi wa nani amepotea. Nilipiga hesabu: saa hiyo tutakuwa barabarani, redio itasema, na Muzee atasikia jina lake likitoka kwenye redio yake, ndani ya gari lake. Nilishaona machozi ya furaha. Tangazo niliandika mwenyewe. (Nani mwingine angeniandika vizuri vile?)

Asubuhi saa kumi na mbili nilikuwa uwanjani kwa Muzee, nikapachika ule waya wa mwisho. Redio ikasema. Wandugu, ilisema! Muzee alitoka na mswaki mdomoni, akasimama, akasikiliza nyimbo mbili bila kutikisika. Kisha akaingia ndani, na Furaha akaniambia baadaye kwamba alimkuta akifuta macho. Nikaiacha iendelee. Asubuhi nzima ilisema huku mimi nikipangusa gari, na majirani wakija kuniuliza kama ningeweza kuwatengenezea na wao. Niliwaambia wapange foleni.

Saa sita kasoro Muzee akavaa koti, Mama Rebeka akakaa nyuma na kikapu cha maziwa ya shangazi, mimi mbele. Gari liliwaka kwa shida, likikohoa. Nikamwambia Muzee ni baridi. (Jua lilikuwa utosini.)

Tukageuza uwanjani, tukapita karibu na kamba ya nguo, tukatoka. Nilisikia kitu kikifanya *fyuu* juu yetu, nikadhani ni upepo kwenye antena yangu. Njiani watu walitutazama sana. Wanawake sokoni walisimama. Mtu mmoja alivua kofia. Mimi nikawa nawapungia mkono, polepole, kama mheshimiwa.

Mama Rebeka aliuliza kwa nini watu wanacheka. Nikamwambia ni furaha, hawajaona gari zuri siku nyingi.

Tukafika bariyeri, kizuizi cha wanajeshi mahali mji unapoishia. Siku nyingine gari la Muzee linapita kwa salamu tu, maana wanalijua. Leo mwanajeshi alitoka kivulini, akatazama juu, akatazama tena, akainua mkono. Akaamuru mota izimwe. Muzee akazima.

Redio haikuzimika. Iliendelea kuimba kwa sauti yake ile moja. Mwanajeshi akatuambia tuizime. Nikamweleza kwa heshima kwamba haizimiki, kwamba ndivyo ilivyotengenezwa. Kisha akaonyesha antena.

"Hii fonii muko naitana na nani?"

Nikasema si fonii, chef (mkuu, ndivyo tunavyowaita), ni redio ya muziki tu. Akauliza kama muziki unahitaji mita mbili na nusu. Swali zuri. Foleni ya pikipiki ikawa inarefuka nyuma yetu, na abiria wanashuka kuja kusikiliza. Ndipo mwanajeshi akanyoosha kidole juu zaidi, kwenye ncha.

"Na hii bendera? Ni ya kikundi gani?"

Bendera? Nikatoa kichwa dirishani, nikatazama juu.

Wandugu, pale juu kwenye ncha ya antena yangu ilikuwa inapepea jupon. Ile sketi nyeupe ya ndani, wanayovaa mama zetu chini ya gauni la kanisani, yenye lasi chini. Imejaa upepo, imetanda vizuri kabisa. Antena ilikuwa imeinyakua kwenye kamba ya nguo tulipotoka uwanjani, na sisi tumepita nayo mji mzima hivyo, mimi nikipunga mkono.

Kwenye kioo nilimwona Mama Rebeka akivuta kitenge chake mpaka puani.

Mnajua zama zetu. Bendera usiyoijua kwenye bariyeri si jambo la mchezo. Mwanajeshi wa pili alishasogea. Mtu alitakiwa kujibu, na kujibu upesi, na mimi kichwa changu kilikuwa bado nje ya dirisha. Muzee Zakaria, mzee wa kanisa, mtu ambaye sijawahi kumsikia akitaja hata soksi mbele za watu, akafungua mlango, akashuka, akafunga vifungo vya koti.

"Chef," akasema, "hakuna kikundi. Ile ni jupon ya bibi yangu, Mama Rebeka."

Foleni nzima ilisikia. Nyuma kabisa mwendesha pikipiki mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikatembea kama moto wa majani makavu. Lakini mwanajeshi, Mungu ambariki, hakucheka. Aliinamisha antena, akaitoa ile nguo, akaikunja mara mbili, akampa Mama Rebeka dirishani kwa mikono miwili. Akatuambia tupite, na antena ikatwe kesho.

Mngefikiri imeisha. Mimi nilifikiri hivyo pia.

Muzee akageuza ufunguo. Gari likasema *tk*. Akageuza tena. *Tk*. Betri ilikuwa imeisha. Redio iliinywa tangu saa kumi na mbili asubuhi, na bado ilikuwa inakunywa, maana redio inahitaji umeme kidogo kuliko mota. Nilijua jambo hilo. Nawafundisha wengine.

Ikabidi tusukumwe. Wakaja waendesha pikipiki, akaja na mwanajeshi wa pili, bunduki mgongoni. Mimi nikashuka nikaweka bega nyuma kabisa, kichwa chini, nikiomba nisitambuliwe. Na hapo muziki ukakatika. Saa sita na nusu. Msomaji wa matangazo akamaliza msiba wa mwisho, na kwa sauti ile ile ya msiba akaendelea:

"Gari ya zamani, redio ya zamani, antena ya nguvu. Ni Fundi Dieudo wa Saio. Hakuna gari inayomshinda. Shahidi wake ni Muzee Zakaria, ambaye leo anasafiri bila shida yoyote."

Niliona bega langu likiwa peke yake. Wote walikuwa wameacha kusukuma. Wamekaa chini barabarani, wengine wameshikilia matumbo. Mwanajeshi aliyekuwa hacheki, sasa alikuwa ameegemea kibanda chake anafuta macho kwa bereti. Muzee, usukani mkononi, alitoa kichwa dirishani akanitafuta.

"Dieudo," akasema taratibu. "Nguvu ya kuwasha gari hakuna. Nguvu ya kukusifu iko."

Walipoinuka wakasukuma kwa wimbo. Mmoja anaita "hakuna gari", wengine wanaitika "inayomshinda", na kwa kila "inayomshinda" gari linasogea. Mwanajeshi naye aliitika. Kwenye mteremko mota ikashika. Muzee hakuelekea Nyankunde. Aligeuza, tukarudi Saio, na njia nzima hakuna aliyeongea ila redio. Nilikuwa na huzuni ya kweli, wandugu, nawaambia. Nilimwona Furaha akitoka kutupokea, anatuangalia mmoja mmoja, na mama yake anashuka na jupon chini ya kwapa bila kutazama mtu. Nikajiambia basi, nirudi nikauze betri.

Nikachomoa waya wa redio. Kukawa kimya. Nikawa nakusanya vifaa vyangu ili niondoke, simu ya Muzee ikalia. Alikuwa Shangazi Marta kutoka Nyankunde. Muzee alisikiliza muda mrefu, akisema "ndiyo dada" na "eee dada", na kila mara akinitupia jicho. Alipokata, akakaa kwenye ngazi. Akasema dada yake alitungoja na chakula, amefungua redio, na amesikia habari za fundi. Amesema kama mutu anasomwa kwenye redio, na ndugu yake mwenyewe ni shahidi, yeye atakataa nini? Ujumbe wa kwetu uje mwezi kesho.

Niliketi chini palepale, kwenye vumbi, na suruali ya safari.

"Papa," nikasema, "ulimuambia ya bariyeri?"

Muzee alitazama gari, akatazama antena, akatazama mlango alikoingia mke wake.

"Neno la mwisho ni la shangazi," akasema. "Miye niliona. Yeye alisikia. Tumuache na ya kusikia. Lakini siku ya ujumbe, ng'ombe zenu zikuje na miguu. Hata moja usifunge antena."

Basi ndiyo hivyo. Antena nimeshaikata, ina urefu wa mkono, na inashika vizuri kabisa. Chekeni kidogo, lakini mchekee ndani. Nina ombi moja tu. Lile tangazo niliagiza lisomwe siku tatu, na nimekwenda kulizuia nikakuta ofisi imefungwa mpaka Jumatatu. Kwa hiyo kesho saa sita na nusu, mnaonipenda, zimeni redio. Zenu zina kifungo.