Vita vya Koko Laurentine na Fundo la Kitenge

Tik!

Ndivyo lilivyolia beseni kabla ya mapambazuko, huko Mantapala, kambi ya wakimbizi nchini Zambia, na kwa mlio huo vita vikaanza. Sogeeni, enyi watu wa Nchelenge na wa Chienge, nanyi mnaoanika samaki kule Chisenga. Tueni vikapu vyenu, msikie habari za Koko Laurentine, bibi mshika ufagio, mlinzi wa ndoo mbili, na jinsi alivyolikabili fundo.

Alikuwa akifua kitenge alichokiloweka tangu jana jioni. Pembe yake yenye fundo iligonga beseni, na shujaa akaacha kufua. Alikumbuka.

Katika nyumba ya wavu ya kuoteshea mimea anakofagia, wataalamu walikuwa wameleta mbegu arobaini za soya zisizo na ndugu duniani. Walizitia jeni ya mbarika, mmea wa mafuta ya nyonyo, ili soya izae asidi ya mafuta ambayo haijawahi kuizaa: mafuta mazito, si ya kupikia sombe, kisamvu chetu, bali ya kulainisha mashine. Cadette, binti wa jirani, ndiye mtunzaji wa mbegu hizo. Ni kazi yake ya kwanza tangu amalize masomo. Jana mbegu moja ilipotea. Asubuhi hii mkaguzi anakuja kuhesabu, na ikipungua hata moja, zote zitachomwa, maana mbegu kama hizi haziruhusiwi kutoroka, na Cadette atafukuzwa.

Mbegu hiyo ilipoanguka sakafuni jana, mkono wa Laurentine uliiokota bila kukiuliza kichwa, ukaifunga kwenye pembe ya kitenge, kama ulivyofunga maharagwe siku ile alipovuka mpaka akikimbia kutoka Pweto, kule Kongo. Mwanamke aliyevuka na shamba lake lote ndani ya fundo haachi mbegu chini. Kisha akasahau. Nyumba nzima ilipoitafuta, naye aliitafuta, akitambaa chini ya meza kwa bidii kuu, huku ameivaa kiunoni.

“Barthélemy!” akanguruma. “Amuka, muzee! Adui iko ndani ya nyumba, na ni miye njo nilimuleta!”

Barthélemy, mumewe, mshona nyavu mashuhuri, akatoka na kisu. “Mama, tukate tu.”

“Kisu itapasua mbegu, na Cadette, mutoto ya watu, atalia. Rudisha silaha yako!”

“Basi meno.”

“Meno gani? Hizi mbili?”

“Hata mbili ni jeshi, mama.”

Mzee akaketi, akabana kitenge kati ya magoti yake ili mkewe apate nguvu, na maji baridi yakamchuruzika mpaka nyayoni, wala hakulalamika. Lakini mbegu ilikuwa imekunywa maji na kuvimba, na fundo likakaza kama ngumi ya bahili. Ukucha wa kidole gumba cha Laurentine ukaanguka vitani. Meno mawili yakashambulia, yakarudi nyuma. Ndipo Laurentine alipotwaa kwenye sahani ya jana mwiba wa kambale, mrefu, mwembamba, akauchomeka katikati ya fundo, akauzungusha taratibu, akizuia pumzi. Uzi mmoja ulilegea. Wa pili. Kitambaa kikafumbuka kama kiganja cha mtoto aliyelala, na mbegu ikatokea, nono, nzima, ikinukia sabuni.

Alifika nyumba ya wavu anahema. Bwana Fanwell, mkaguzi, alikuwa amekwisha kuhesabu thelathini na tisa, na Cadette amesimama kando, macho mekundu.

“Pardon, baba,” Laurentine akasema, akifungua kiganja. “Mwizi ni miye. Nilimufunga, nikamusahau, nikamufua.”

“Koko!” Cadette akasema, akaangua kicheko na kilio kwa pamoja.

Bwana Fanwell akaivaa miwani, akaitazama mbegu mbele na nyuma, kisha akamtazama bibi na ukucha wake uliovunjika. Akamsogezea kiti chake kwanza, akamsalimu kwa Kibemba. “Mulishani, mama. Karatasi inauliza mbegu ni ngapi,” akasema polepole. “Haiulizi ni ipi imenona.” Akaandika ukweli wote, na sabuni pia, kisha akaandika: arobaini.

Hivyo ndivyo soya ya ajabu ilivyookolewa na mwiba, siku ambayo vizazi vya Mantapala vitahesabu miaka kuanzia hapo. Bwana Fanwell akafunga mkoba wake, akaagana nao. Laurentine akamfuata mpaka mlangoni.

“Baba, kuya tena ututembelee,” akamwomba. “Hata kama hakuna kitu ya kuhesabu.”