Mimi, Mama Mkwe na Masomo ya Bure ya Gemu

Jumatatu, 4 Machi

Tangazo mlangoni mwa maktaba! Wanatafuta mtu wa kuongoza darasa jipya la kutengeneza gemu za kompyuta. Cheti hakitakiwi. Unaleta gemu uliyoitengeneza mwenyewe, Jumamosi, inayochezeka mwanzo hadi mwisho. Nafasi hii ni yangu. Nimechoka kuitwa yule wa fotokopi. Nataka kuitwa mwalimu.

Sijawahi kutengeneza gemu. Jambo dogo. Nimeingia mtandaoni, nusura nianguke kitini. Kila kitu bure! Programu ya kutengenezea gemu, bure. Picha za miti na majoka, bure. Kuna mwalimu mmoja mwenye kikohozi anayeeleza hatua kwa hatua, na ukikosea anakwambia rudi nyuma kidogo, hakuna anayekucheka. Watu hawa hawanijui wala si ndugu zangu, na ujuzi wao wameuacha wazi, ajaye achote. Nimeguswa kweli. Nimepakua masomo yote.

Mke wangu ameniambia, kwa upole, kwamba safari hii angependa kuniona nikimaliza kitu kimoja tu. Akautazama ukuta wa jikoni, ambao niliupaka rangi nusu. Nimemwahidi.

Jumanne, 5 Machi

Nimepakua mengine. Nilipotoka kunywa maji, mama mkwe akakalia kiti changu. Anaishi nasi tangu alipostaafu uaskari wa barabarani. Mkwe haambiwi inuka. Nikabaki nimesimama nyuma yake kama mhudumu wa hoteli. Akauliza kama mambo haya mtu mzima anaweza kujifunza.

Nikaona njia ya kukiokoa kiti. Nimempa kompyuta ya zamani, nikamwekea programu na somo la kwanza peke yake. Alipoomba la pili nikamwambia kanuni ni somo moja kwa siku. Hakuna kanuni hiyo. Nimeibuni. Hata cha bure lazima kilindwe.

Atasinzia tu.

Jumatano, 6 Machi

Hakusinzia. Kisanduku chekundu kinatembea kwenye kioo cha kompyuta yake, kushoto na kulia. Somo la kwanza amelirudia mpaka anakohoa pamoja na mwalimu. Nimempa la pili, shingo upande.

Mimi nimefanya kazi kubwa zaidi. Nimechagua sauti ya mlango. Kuna hazina ya sauti za bure huko, wewe! Mtu amezunguka na kinasa sauti akifungua milango ya watu ili mimi nisihangaike. Mungu ambariki. Nimesikiliza milango asubuhi nzima.

Mchana nikauliza kwenye jukwaa la watengeneza gemu kwa nini gemu yangu haiendi. Mtu nisiyemjua akanijibu papo hapo, kwa adabu zote, akaomba nimwonyeshe nilichoandika mpaka sasa. Ukarimu ulioje. Nimefunga ukurasa.

Alhamisi, 7 Machi

Hila mpya. Badala ya somo la tatu nimempa mama mkwe la kumi na tisa, la migongano: namna kompyuta inavyotambua kwamba kitu kimoja kimegonga kingine. Gumu. Mimi mwenyewe nimelisoma kichwa tu. Nilijua atakwama, arudi kwenye runinga yake.

Nilisahau huyu mama alikuwa nani. Amesimama njia panda nusu ya maisha yake akipima magari yaliyogongana! Aliniita sebuleni macho yakimng'aa, akasema mwalimu huyu kazi anaijua. Kisha akanieleza mwenye kosa ni kisanduku kipi. Ni cha bluu. Sasa anajenga njia panda nzima, na mchezaji ndiye askari.

Inapendeza. Nasema ukweli, inapendeza sana. Nimekwenda kuosha vyombo kwa hasira.

Ijumaa, 8 Machi

Maji yamenifika shingoni. Kompyuta imejaa masomo mpaka programu ya gemu haifunguki, haina pa kukaa. Mke wangu kashauri nifute baadhi. Nifute! Huyu mwalimu wa kuchora mawingu kajitolea wiki zake kwa ajili yangu, nimfute? Kasema mtaka yote hukosa yote, akaondoka.

Nimemwendea mama mkwe kwa heshima. Nimemwambia watu watakuwa wengi, atachoka, afadhali mimi mwanawe niiwasilishe gemu yake kwa niaba ya familia. Kanijibu kwamba kazini alisimama juani mchana kutwa, na maktaba kuna viti. Akanishukuru kwa kumjali.

Mwishowe nimehamishia masomo ya mawingu kwenye simu. Programu ikafunguka. Nimetengeneza ukurasa wa mwanzo: jina la gemu, joka, mlango, na kitufe cha "Anza".

Jumamosi, 9 Machi

Mkutubi alibonyeza "Anza". Mlango ukalia vizuri sana. Akabonyeza tena. Ukalia tena. Nikaeleza kwamba kusubiri ni sehemu ya gemu. Akauliza kusubiri nini. Mke wangu alikuwa mstari wa mbele, akiangalia viatu vyake.

Kisha mama mkwe. Malori, baiskeli, gari la wagonjwa linalotaka kupita, na firimbi aliyoirekodi mwenyewe. Watu walipanga foleni. Nami nikapanga. Nikaruhusu lori na basi kwa pamoja, yakagongana, na mama akanitoa kitini mbele ya umati. Nilicheka na wenzangu. Nilijivuna, sijui kwa nini, kama vile nimemzaa mimi.

Nafasi amepewa yeye. Akasimama akawaambia watu wote kwamba aliyemfundisha ni mkwewe. Somo moja kwa siku, alisema, hakuna njia bora kuliko hiyo. Wakanipigia makofi. Nikainama. Njiani mke wangu kasema kitufe changu kilikuwa na rangi nzuri. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 10 Machi

Leo mimi ni mtu mpya! Nimejiandikisha darasani kwa mama mkwe, mwanafunzi wa kwanza. Zoezi la kesho ni somo la kwanza, hilo tu, kisanduku kitembee. Mke wangu ameniwekea meza karibu na dirisha na kunipangusia kioo cha kompyuta. Kasema anaamini nitaliweza. Alimaanisha.

Nimekaa. Nimeingia mtandaoni kidogo tu, kujiandaa. Na huwezi kuamini: kuna kozi nzima ya namna ya kumaliza kazi uliyoianza. Masomo sitini, bure! Mwalimu wake ana uso wa huruma. Watu wema hawajaisha duniani.

Nafasi kwenye kompyuta haikutosha, kwa hiyo nimefuta somo la kwanza. Sasa yale sitini yanapakuliwa bila shida. Mke wangu kauliza toka jikoni kama nimeanza. Nimemwambia nimeshafika mbali.