Matumbawe ya Daktari wa Meno

Jumatatu, 4 Machi
Nimechoka kabla wiki haijaanza. Daktari wa meno anataka picha kubwa ya matumbawe, yale ya kwenye tangi la samaki chumbani anakosubirisha wagonjwa, aitundike ukutani. Shemeji, kaka yake mke wangu, ameshapeleka yake. Ana kamera yenye lenzi kama mchi. Mimi nina kamera ndogo ya mfukoni. Miaka sita ukweni zinasifiwa picha zake tu. Safari hii nitamkomesha!

Jumanne, 5 Machi
Dada wa mapokezi hataki mtu asiye mgonjwa akae pale. Nikasema jino linauma. Akaniandika wa mwisho. Safi! Nikapiga picha thelathini. Zote bluu tupu kwa taa ya tangi, na katikati doa jeupe la flashi. Bibi mmoja mwenye shavu lililovimba akaniuliza kama nimesoma maelekezo ya kamera. Zamu yangu ilipokaribia nikatoroka.

Jumatano, 6 Machi
Nimesoma maelekezo. Nikazima flashi, nikaweka alama ya ua, ile ya vitu vya karibu, nikabandika lenzi kwenye kioo. Ukungu mtupu! Matumbawe hayatulii, pampu inayasukumia maji. Mgongo unauma kwa kuinama, na huo si uongo. Shemeji akanikuta, akasema nipumzike tu, mambo haya yana wenyewe. Niliumia sana.

Alhamisi, 7 Machi
Nikachomoa waya wa pampu. Haukuwa wa pampu. Kule ndani mashine ya kutoboa meno ikanyamaza, mgonjwa akapiga yowe, daktari akatoka na glavu zake akiuliza nani amechezea umeme. Nikashika shavu, nikagumia. Ningefanyaje? Akanionea huruma, akaniweka kitini. Akachungulia, akasema jino halina tatizo, au ninamtania? Dada wa mapokezi alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama. Nikasema ling'oe.

Likang'olewa. Zima kabisa! Nikatoka machozi yananibubujika, kuinama siwezi, nikabonyeza picha moja nikiwa nimesimama. Nikamwachia dada kadi ya kamera, nikaenda kulala.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeshinda! Picha ya shemeji imetundikwa kwenye korido. Yangu iko juu ya tangi lenyewe, kubwa mara mbili ya yake. Matumbawe ni ukungu, sawa. Kioo kilinasa uso wangu: shavu kama andazi, mdomo wazi, kila chozi linaonekana. Daktari aliniomba ruhusa, nikakubali kabla hajamaliza. Ameandika chini yake kwamba mtu asisubiri mpaka jino limfikishe hali hii. Mke wangu amesema hapiti tena mtaa ule. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuuliza, nimejifunza nini.

Nimejifunza kwamba daktari wa macho naye ana tangi, na shemeji bado hajasikia. Kesho asubuhi jicho la kushoto litaanza kuniuma.