Otomatiki ya Rubani

Jumanne, tarehe 14 Oktoba. Asubuhi ilianza na manyunyu mepesi, kisha jua likatoka ghafla kama mtu aliyechelewa kazini. Kufikia saa tatu mvuke ulikuwa ukipanda kutoka kwenye lami mbele ya kibanda cha kuziba pancha.

Nje ya kibanda hicho kuna kiti cha nyuma cha basi dogo, kilichong'olewa na kuwekwa juu ya matofali. Ndicho kijiwe chetu. Mimi nashona viatu pembeni yake, kwa hiyo masikio yangu hayana kazi nyingine.

Redio, muuza magazeti anayeyasoma yote kwa sauti halafu analalamika kwamba hatununui, alikunjua ukurasa wa katikati.

"Sikilizeni hii! Kampuni ya magari ya mbio imetangaza kuachana kabisa na gia za mkono. Kuanzia mwakani magari yao yote ni otomatiki."

Rubani aliweka kikombe chini kana kwamba ametangaziwa msiba.

Tulimpa jina la Rubani kwa sababu ya gari lake jekundu la spoti, la milango miwili, wazi juu, aliloachiwa na marehemu kaka yake. Asubuhi hiyo lilikuwa limeegeshwa hapo hapo mbele yetu, limeziba geti la stoo ya matairi kama kawaida.

"Basi dunia imekwisha," alisema. "Gari la spoti lenye otomatiki! Hiyo si spoti, hicho ni kitanda chenye magurudumu."

"We mzee, acha zako," alidakia Kinyozi, mtu asiye na gari, asiye na baiskeli, na mwenye maoni juu ya kila kitu kinachotembea. "Mtu ana nguvu za farasi mia tatu, halafu bado anakoroga gia kama anasonga ugali?"

"Ndiyo raha yenyewe! Unakanyaga, unavuta, unasikia injini inakujibu. Otomatiki unakaa tu, unabonyeza, unapelekwa. Ni gari la wavivu."

"Unabonyeza, unapelekwa," alirudia Kinyozi polepole. "Hebu nikumbushe, Rubani, kabla hujastaafu ulikuwa unafanya kazi gani?"

Kicheko kilianza kwa Redio kikaishia kwangu. Kila mtu anajua kwamba Rubani aliendesha lifti ya jengo la ofisi, ghorofa tisa, kwa miaka ishirini na nane.

"Lifti ni taaluma!" alifoka.

"Sikatai. Ila ukae ukijua vitufe ndivyo vilivyokulea."

Hapo Injinia, fundi wetu wa gia boksi, akaona ni zamu yake. Alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Kinyozi, funga mdomo kwenye mambo ya vyuma. Gia za mkono ni heshima. Dereva wa kweli anajulikana kwa klachi."

"Lazima useme hivyo. Klachi za watu zikiacha kuungua, wewe utakula nini?"

"Nasema ukweli wa kitaalamu! Mwezi uliopita nilifungua gia boksi ya Rubani. Meno yote mazima, yanang'aa kama ya mtoto. Nimefanya kazi hii tangu ujana, sijawahi kuona gari la mwanamume likiwa na gia zilizotunzwa vile. Huyu mzee ana mkono wa dhahabu."

Rubani alinyoosha shingo. Mkono wa dhahabu ukazungusha ufunguo kidoleni, mara moja, mara mbili.

"Sasa na dalali je?" aliuliza Redio. "Si umesema anapiga simu leo saa nne? Yule mwenye gari kama lako, ila otomatiki, anayetaka mbadilishane?"

"Apige! Nitamjibu mbele yenu aone aibu. Kaka yangu alinikabidhi gari hili mkononi. Mkononi, mnanielewa? Hakunikabidhi kidoleni. Nikibadilisha na hilo la kubonyeza, nitamtazamaje kule aliko?"

Alisema hivyo akilisugua goti lake la kushoto. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuna aliyecheka, maana tulimfahamu kaka yake. Alikuwa akilifuta gari lile kwa fulana yake mwenyewe.

Kinyozi akarudi kwenye ubishi. "Lakini mbona huliendeshi peke yako? Kila siku unakuja na shemeji, unaondoka na shemeji. Siku ile anaumwa, ukaja kwa miguu."

"Namleta kazini kwake. Kosa?"

Ni kweli, mkewe ana chumba cha ushonaji mlango wa tatu kutoka hapo. Cherehani yake ya miguu tunaisikia kutwa nzima.

Kabla Kinyozi hajajibu, lori la matairi lilitokea kwenye kona na kupiga honi. Geti limezibwa. Dereva alitoa kichwa dirishani. "Nani mwenye kidude hiki chekundu? Sogeza!"

"Ngoja nimalize chai," alisema Rubani.

Kikombe kilikuwa kitupu.

Honi ya pili. "Mzee, hatua kumi tu!"

"Niitieni shemeji yenu kwanza."

"Wa nini?" aliuliza Injinia.

"Ana ufunguo."

Sote tuliutazama ufunguo, uliokuwa bado unaning'inia kidoleni mwake.

Basi ikambidi ainuke. Aliingia garini mguu wa kulia kwanza, kisha akauingiza wa kushoto kwa mikono miwili, kama mtu anayepakia mzigo. Aliwasha. Gari liliruka kama chura, likazima. Akawasha tena, likaruka, likazima. Mara ya tatu lilitoa mlio ambao Injinia aliuzibia masikio.

"Mkono wa dhahabu huo," alisema Kinyozi. "Labda leo ameusahau nyumbani."

Cherehani ilinyamaza. Mke wa Rubani alitoka mlangoni, utepe wa kupimia shingoni, sindano imechomekwa kifuani. Alifungua mlango wa kushoto, akaketi, akaweka mkono kwenye gia. Rubani alitutazama kama mtu anayeomba tugeuke pembeni, lakini hatukugeuka. Akainama, na kutoka chini ya kiti akatoa mpini wa fagio uliokatwa, wenye kipande cha tairi mwishoni.

Gari halina paa. Tuliona yote. Mkono wa kulia umeshika usukani. Wa kushoto umeshika mpini, na mpini ndio uliokuwa ukikandamiza klachi.

"Rivasi!" alisema Rubani.

Mama yule akaingiza rivasi. Gari likateleza nyuma kimya kama limepakwa mafuta.

"Moja!"

Moja ikaingia bila hata kukwaruza. Gari likazunguka lori, likasimama upande wa pili wa kiti chetu, mbali na geti, likatulia.

Kinyozi alikuwa amekaa chini, kwenye lami yenye maji, machozi yanamtoka. "Jamani! Huyu mtu anatutukana kutwa, kumbe ana otomatiki kuliko wote! Anatamka tu, gia inaingia! Hata hao wa gazetini hawajafika huko!"

"Kwa hiyo yale meno..." alianza Injinia.

"Ni ya mkono wangu, shemeji," alisema mama. "Mwaka na nusu sasa. Goti limegoma, hospitali haendi, na ninyi hapa mnamwita Rubani, basi anaona aibu kukiri, na kila siku nageuzwa mashine."

Rubani alikuwa ameinamisha kichwa juu ya usukani. Simu ikalia mfukoni mwake. Saa nne kamili. Aliitoa, akaitazama.

"Nampa," alisema taratibu. "Nachukua hilo la kubonyeza. Sina mguu tena, mama watoto. Kaka atanisamehe."

Mama alimpokonya simu, akaiweka sikioni. "Halo. Gari halibadilishwi. Ndiyo. Hapana, hayupo." Akakata.

"Nipo!" alisema Rubani.

"Ulikuwa unauza gari la marehemu kwa sababu ya goti, na dereva unaye ubavuni. Kwa hiyo akili yako haikuwepo."

Alifungua mkoba, akatoa kadi mpya kabisa, akaipachika juu ya dashibodi. Redio, ambaye hawezi kuona maandishi akayaacha, aliisogelea akaisoma kwa sauti. Ilikuwa leseni ya udereva, ya tarehe tatu mwezi huu.

"Wewe?" Rubani aliuliza. "Lini?"

"Miezi minne, kila Jumatatu na Alhamisi jioni. Darasa zima watoto wa miaka kumi na minane, na mimi bibi yao."

"Ulisema unakwenda kwenye maombi!"

"Na niliomba. Siku ya kwanza kuondoka kwenye kilima, gari la shule ya udereva likirudi nyuma na basi liko nyuma yangu, niliomba kuliko nilivyowahi kuomba maishani. Na nikajibiwa. Haya, hama kiti."

Injinia alimfungulia mlango, kwa adabu ambayo Rubani hakuwahi kuonyeshwa. Mzee alizunguka gari akichechemea waziwazi, kwa mara ya kwanza bila kujificha, akaketi kushoto na mpini wake wa fagio mapajani.

"Kinyozi," alisema mama akijifunga mkanda, "umepiga kelele asubuhi nzima. Wewe ungechagua gani?"

"Mimi otomatiki, shemeji. Lakini ya Rubani."

Aliwasha, akakanyaga kwa mguu ule ule unaoendesha cherehani, na gari likaondoka kama uzi unavyopita kwenye tundu la sindano. Injini ilipanda sauti, ikiomba gia ya pili. Rubani tulimwona midomo ikimcheza. Alijizuia. Ikamshinda.

"Mbili!"

Gari likasimama katikati ya barabara. Lori, lililokuwa likijipanga kuingia getini, likapiga honi. Mama hakugeuka hata kidogo.

"Simama, uwageukie. Toa ahadi wakusikie."

Rubani alisimama kwenye gari lake lisilo na paa, akashikilia kioo cha mbele kwa mkono mmoja, mwingine akauinua juu pamoja na mpini wa fagio. Dereva wa lori aliacha kupiga honi ili asikose neno.

"Naahidi mbele yenu nyote," alisema, "Injinia, Redio, fundi viatu, na hata wewe Kinyozi: kesho nakwenda hospitali kuhusu goti hili, gari la kaka halibadilishwi, nitakaa kushoto, na sitataja gia tena mpaka niulizwe."

"Hutaulizwa," alisema mama.

"Basi sitataja kabisa."