Chungu Chenye Masikio

Jumatatu, 1 Mei 1911

Leo nimeanza kukua. Si kimo. Rohoni!

Bwana Mchungaji, Mdachi wetu, anatafuta mzee wa kanisa wa hapa Ngonga. Tumebaki wawili: mimi, Ezra, na jirani yangu Hezroni. Kila mmoja amepewa daftari. Tuandike kila siku ni jambo gani la kale tumeliacha na jambo gani jipya tumelipokea. Jumapili ya tarehe 14 atachagua.

Mzee wa kanisa atakalia kiti. Si gogo, si mkeka. Kiti chenye egemeo, kazi ya fundi wa misheni, kinachowatazama waumini wote! Nimekijaribu leo kanisa lilipokuwa tupu. Kinanikaa mgongoni vizuri sana.

Naandika kwa Kiswahili nilichookota nilipokuwa mpagazi wa boma. Mke wangu Neli anasoma Kinyakyusa tu. Humu basi niko huru.

Jambo la kale nililoacha: ugoro. Jambo jipya: bado natafuta.

Jumatano, 3 Mei

Nimerudia ugoro. Kidogo tu, kwa sababu ya mvua.

Leo nimeruka tena. Ngoja nieleze, maana daftari hili huenda likasomwa na mgeni. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawaonani. Hawasalimiani, hawatajani majina, hawapiti njia moja. Wakikutana, mkamwana huingia kichakani akajifunika, na baba mkwe hupita akitazama mbingu. Marehemu babu alisema anayemtazama mkamwana wake usoni huvimba miguu. Babu mwenyewe alikuwa na miguu iliyovimba, kwa hiyo alijua anachosema.

Sasa taabu yangu. Mke wa mwanangu Anyosisye hajifichi! Ni binti wa Wakisi wa ziwani, watu wa vyungu, amekulia misheni. Anapita katikati ya njia, chungu kichwani, anaimba. Basi najificha mimi. Mwaka wa tatu huu, mtu mzima mwenye ng'ombe sita narukia migombani. Leo migomba ilikuwa mbali. Nimeruka kwenye mfereji wa mpunga, maji hadi kiunoni, naye akapita akiimba ubeti wa nne.

Sauti yake naijua. Kisigino chake nakijua. Uso siujui. Jina lake naliandika mara moja tu: Tulinagwe. Basi.

Ana mtoto wa kike wa miezi minane. Mjukuu wangu huyo namwona Neli anaponiletea. Akianza kumlilia mama yake anarudishwa haraka, nami nabaki na mate yake begani. Sipendi kuyafuta.

Jumapili, 7 Mei

Mdomo huponza kichwa.

Baada ya ibada Bwana Mchungaji alisema wakamwana wa Ngonga wanakaa nje ya kanisa, chini ya upenu wa paa, na mvua hii, kwa kuwa baba wakwe zao wamo ndani. Wanasikia nusu ya neno na watoto wao wanakohoa. Akauliza ni mwanamume gani atakayetangulia kuiacha hofu hiyo. Jumapili ijayo asimame mbele ya watu wote, mkamwana wake aingie, wasalimiane.

Wazee wote wakachunguza kucha zao. Nikamwona Hezroni anajiinua. Hezroni! Ana mabinti watupu, mkamwana hana hata mmoja, lakini hapendi nafasi ya kusimama impite. Nikasimama kwanza.

Nilisema mambo ya kale niliyaacha zamani. Nilisema mabadiliko kwangu ni kama uji, nayanywa tu. Bwana Mchungaji alinishika mikono yote miwili, akasema mtu wa namna hii ndiye kile kiti kinamngoja. Hezroni akauliza, kwa upole wake ule wa nyoka, mara ya mwisho nilimwona lini mkamwana wangu. Nilimjibu kwamba swali hilo ni la kale.

Neli alitembea njia nzima ameziba mdomo kwa kiganja. Tulipofika nyumbani alicheka mpaka akakaa chini. Miguu imeanza kuniwasha.

Jumatatu, 8 Mei

Mpango wa kwanza: Neli ajifunike kaniki gubigubi, aingie kanisani badala ya mkamwana. Namsalimu, napata kiti, kila mtu anakwenda kula.

Neli amekataa. Amesema watu wa Ngonga wanamjua tangu hajaota meno. Akauliza kwa nini nisimsalimu tu yule binti, ambaye wakati huo alikuwa hatua thelathini kutoka tulipokaa, akitwanga. Nikamweleza kwamba mabadiliko yana taratibu zake, hayakurupukwi.

Alasiri Anyosisye amekuja, hakukaa. Amesema mke wake amefurahi mno, ameingoja salamu hiyo miaka mitatu. Ila nikimwaibisha mbele ya watu, atamhamisha yeye na mtoto waende Ikombe kwa wazazi wake. Huko babu wa ziwani humbeba mtoto hata mama yake akiwepo. Nilimuuliza kama mzee huyo miguu yake haijavimba. Akasema haijavimba. Nikamwambia atazame vizuri.

Ikombe ni mbali. Mtumbwi unavuka pembe yote ya ziwa. Mtoto wa miezi minane hatanikumbuka hata kwa harufu.

Jumanne, 9 Mei

Mpango wa pili. Mazoezi!

Nimechukua chungu kimoja kati ya vile mke wa Anyosisye alivyovianika nyuma ya nyumba, bado hajavichoma. Nimekichora macho na mdomo kwa mkaa. Nikakiweka juu ya kisiki katikati ya migomba. Nikasimama hatua kumi, nikakohoa kidogo, nikasema: Ugonile. Yaani umelalaje.

Nikakimbia.

Mara ya pili nilibaki, lakini nilikuwa nimekipa mgongo. Mara ya tatu nilikitazama sikio, halafu nikakumbuka hakina masikio. Jicho lake moja ni kubwa kuliko lingine na halipepesi. Nimekirudisha mahali pake kabla hakijatafutwa.

Jambo jipya nililopokea leo: hatua tisa.

Alhamisi, 11 Mei

Ajabu! Jana chungu hakikuwepo. Jana hiyohiyo moshi ulifuka kutwa nyuma ya nyumba, vyungu vinachomwa. Leo asubuhi nimekikuta migombani, juu ya kisiki changu kilekile. Kimechomwa, chekundu, kinalia vizuri ukikigonga. Macho ya mkaa yamechongwa yakawa macho kweli, sawasawa. Mdomo unacheka. Na kina masikio mawili!

Nani alijua kisiki changu? Sikuuliza. Nimekaa nikikitazama kitambo kirefu kuliko nilivyokusudia. Mtu amekaa akafikiri kwamba anayesalimiwa anahitaji kusikia.

Nimekisalimu kwa hatua mbili. Nikainama, kama ilivyo adabu, nikamaliza na ndaga, yaani asante. Sikukimbia. Kiti ni changu!

Ijumaa, 12 Mei

Hezroni amepotelewa na ndama. Ndama gani? Tangu lini ndama wa Hezroni akapotelea kwenye migomba yangu, saa ileile nimeinama mbele ya chungu nikisema asante?

Hadi mchana Ngonga nzima ilikuwa na habari kwamba Ezra ana mungu wa udongo. Hadi jioni imefika Ndandalo, na huko mungu ameshaongezewa pembe. Bwana Mchungaji ametuma neno. Jumapili, kabla ya jambo lingine lolote, nisimame nieleze habari za chungu. Nije nacho.

Miaka kumi na moja tangu nibatizwe! Ugoro tu ndio umenishinda.

Jumamosi, 13 Mei

Asubuhi nilikiinua chungu nikitupe mtoni. Nikakishusha. Kina masikio, jamani.

Mpango wa tatu: ugonjwa. Nimefunga miguu yote miwili kwa nyasi na vitambaa mpaka ikawa kama mapipa, nikalala mkekani nikiugulia, nikamwambia Neli babu hakusema uongo. Neli alifungua kitambaa cha kwanza, akaona nyasi. Hakugusa cha pili. Amenitoa nikapalilie.

Shambani nilimsikia mtoto akicheka upande wa pili wa migomba, na mama yake akimwimbia. Niliacha jembe nikasikiliza. Ningeweza kuwasikiliza hivyo maisha yangu yote, lakini Ikombe hakusikiki kutoka hapa.

Jumapili, 14 Mei

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Kanisa lilijaa. Watu walitoka hata Ndandalo, waje kuona pembe. Chungu kiliwekwa mezani, nami pembeni yake. Hezroni akashuhudia. Alijua kila kitu: nilivyoinama, nilivyokohoa, nilivyoshukuru. Nikajitetea kwamba yalikuwa mazoezi tu ya kumsalimu mkamwana. Wakacheka hadi paa likatikisika. Bwana Mchungaji hakucheka. Akauliza kama yupo anayeweza kulishuhudia jambo hilo.

Sauti ikatoka nje, chini ya upenu wa paa, ikisema yupo.

Naijua sauti hiyo! Kila mwanamume mwenye mkamwana akatazama juu. Nikasikia kisigino kinapanda kizingiti. Dirisha lilikuwa mbali. Chungu kilikuwa karibu.

Nikakivaa.

Ndani ya chungu ni giza, kunanuka moshi, na kila neno unalisikia mara mbili. Nikamsikia akimsalimu Bwana Mchungaji. Akasema chungu ni kazi ya mikono yake. Masikio aliyaweka yeye, maana alisikia kutoka nyuma ya nyumba jinsi baba alivyohangaika kumsalimu mtu asiyekuwepo, akaona vibaya baba asisikilizwe. Kuhusu kuabudu, akasema hajapata kuona mtu akimsalimu mungu wake kisha akamkimbia.

Watu walicheka tena, ila safari hii kicheko kilikuwa kingine. Nikaona nimeokoka. Nikakivua chungu.

Hakikuvulika! Kiliingia kwa woga, na woga hulainisha kichwa. Kutoka kikakwama masikioni. Masikio yangu, si yake. Wanaume wawili walivuta. Anyosisye akanishika miguu. Bwana Mchungaji akaanza kuomba kwa Kidachi. Pumzi ikapungua, nikaanza kuwaaga watu kimoyomoyo, mmoja mmoja, na Hezroni nikamruka.

Halafu vidole vikagonga. Taratibu, huku na huku, vikizunguka, kama mama anayechagua chungu mnadani. Akawaambia wote waniache. Akaniambia nitulie. Akaomba mchi. Aligonga mara moja tu, mahali alipopajua yeye.

Mwanga.

Ana mwanya. Miaka mitatu kuna mwanya nyumbani kwangu na sikuujua! Akapiga magoti katikati ya vigae, akasema: Mugonile, tata. Tata ni baba.

Nikasema: Ndaga.

Siyo jibu lake. Ndilo lililotoka. Nililia pia, na siandiki sababu. Mtoto mgongoni kwake akaona kigae kwenye ndevu zangu, akanyoosha mkono akivute. Nikampokea. Nilimbeba mbele ya mama yake, mbele ya Ndandalo yote, naye akanitemea mate begani kama kawaida.

Wakamwana wengine wakaingia, mmoja mmoja, wakakaa. Baba wakwe walitazama magoti yao, lakini hakuna aliyetoka. Bwana Mchungaji akatafakari, akasema kiti kinamstahili aliyewaingiza watu ndani. Nikasogea mbele.

Akampa Tulinagwe.

Nilimwambia Bwana Mchungaji baada ya ibada kwamba mimi ndiye chanzo cha yote. Alikubali kabisa. Kiti hakukitoa.

Jumapili, 21 Mei

Nimeipima miguu kwa kamba juma zima. Iko sawa. Babu huenda alikuwa na ugonjwa wake tu.

Mimi sasa ni mtu mpya. Nimekuwa nikiwashauri wanaume wa Ngonga jinsi ya kuishinda hofu, hata wasioniuliza. Jumanne nilikutana na Tulinagwe njiani na sikuruka. Nilibaki njiani hasa! Nilifumba macho, basi. Niliingia mfereji uleule, lakini hiyo ni kwa sababu ya kufumba macho, wala si woga. Alinivuta kwa mpini wa jembe. Habari ya Ikombe hakuna anayeitaja tena.

Leo neno jipya. Bwana Mchungaji amesema fundi anatengeneza kiti cha pili! Kisha akauliza ni mwanamume gani atakayetangulia kula sahani moja na mama mkwe wake mbele ya watu. Nikamwona Hezroni anajiinua. Hezroni, ambaye mama mkwe wake alifariki kabla sijabatizwa!

Nilikuwa nimekwisha kusimama. Nilisema mabadiliko kwangu ni kama uji.

Njiani Neli aliniuliza kama nakumbuka kwamba mama yake yuko hai, yuko Ikolo, na anakuja Alhamisi. Sikuwa nimekumbuka. Nimemtuma kwa Tulinagwe, amwombe anifinyangie chungu kingine upesi. Masikio si lazima. Mdomo uwe mpana.

Jambo la kale nililoacha leo: woga.